Kovu la Mlinzi

Chuoni ninafundisha kwamba kumbukumbu si picha ya ukutani. Kila ukiitoa unaishona upya, na anayekuuliza naye hutia uzi wake. Wanafunzi wangu huyaandika hayo wakafaulu mtihani. Mwalimu wao ndiye aliyefeli.

Saa tano asubuhi nilikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Ndani, mama alikuwa akisomewa maelezo yake ili aweke sahihi. Saa sita mlinzi wa jengo la jirani angepelekwa mahakamani kwa kumpiga mama kichwani na kumwibia cherehani. Ushahidi ulikuwa mmoja tu: mama alimtambua kwa kovu la shavuni. Mimi, kwa kujipa kazi, nilifungua simu nisikilize mahojiano niliyomrekodi mama mara tatu nyumbani.

Katika mahojiano ya kwanza mama anasema alipigwa kwa nyuma, uso hakuuona. Kisha inakuja sauti yangu, tamu kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa: "Hakuwa na kovu shavuni, mama? Kama la yule mlinzi?"

Na kwa nini yeye? Kwa sababu wiki moja kabla alinifukuza nilipoegesha gari mlangoni kwake, mbele za watu, na nilikuwa bado namwekea kinyongo. Basi.

Katika ya pili mama anasema labda. Katika ya tatu mwizi ana kovu, refu, na mama analieleza mpaka rangi.

Nilisukuma mlango bila kubisha hodi. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa mama. Nilimwomba mpelelezi asubiri, nikaweka simu mezani, na tukayasikiliza yote matatu, mama akiwa amekaa hapo hapo. Nilitamani ardhi ipasuke. Mpelelezi aliivuta ile karatasi taratibu, akasema kama ni hivyo hana kesi, na kwamba yule mtu ana siku kumi na moja mahabusu.

Tulipofika kwenye korido mama alinigeukia.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Hapana, mama. Kovu unaliona kweli. Ila niliyeliweka ni mimi."

Aliegemea ukuta. Bandeji ilikuwa bado kichwani, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu amezeeka.

"Na siku baba yako anakata roho? Nimemshika mkono, ananibana vidole. Hiyo nayo ni yangu, au mliniwekea?"

Siku ile mama alikuwa ameshuka chini kununua maji. Vidole vilivyobanwa vilikuwa vyangu. Nilimsimulia mara nyingi, kila alipokataa kula, na kila mara nilimsogeza karibu zaidi na kitanda.

"Ni yako, mama," nikamwambia.