Pedali za Nyuma

"Mwanangu, unapima misuli au unaniandaa kwa supu?" baba aliuliza, wembe ukimpitia pajani.

"Tulia, baba. Kibandiko hakishiki penye nywele."

Binti huyu riziki yake ilikuwa kupima misuli ya waendesha baiskeli. Kila siku aliwabandika nyaya vijana wa mashindano akilinganisha mguu huu na ule. Leo mapaja yalikuwa ya wazazi wake.

Tangu kiharusi kimpige baba mguu wa kushoto, wazee hao walipanda baiskeli ya viti viwili, baba mbele, mama nyuma. Sasa mzee alikuwa ameng'ang'ania kurudia baiskeli yake ya peke yake, na mama hataki hata kusikia. Walizozana weee, mpaka wakakubaliana mashine ya binti iamue: mguu ukionekana unafanya kazi, baba abaki na baiskeli yake, la sivyo, iuzwe yaishe.

Ile ya viti viwili ikafungwa kwenye stendi, wakakanyaga. Kwa macho, miguu yote minne ilizunguka sawia, maana pedali za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa mnyororo. Hata mguu uliolala huzungushwa tu. Lakini misuli haijui kudanganya. Kwenye skrini mistari ya mama ilipanda juu, ya vijana wa mashindano ikasome. Mguu wa kulia wa baba, si haba. Mstari wa kushoto ulikuwa umelala chali.

"Mnaona mwendo huo?" baba alijitapa. "Na mlima wa nyumbani naupanda hivi hivi!"

Binti alimtazama mama. Mama, jasho likimtiririka, akakwepa macho yake. Kumbe mwaka mzima alikuwa akikanyaga kwa ajili ya watu wawili, wala hajafungua mdomo. Binti alimpenda mpaka kifua kikauma.

"Mama, toa miguu kwenye pedali."

"Ataanguka!"

"Baiskeli imefungwa, mama. Toa."

Mama akainua miguu. Pedali zikazorota, zikataka kusimama. Baba akakunja uso, akauma meno. Ule mstari wa kushoto ukatikisika, ukainuka kidogo, ukaanguka, ukainuka tena. Ulikuwa mfupi, lakini ulikuwa wake mwenyewe.

"Unafanya kazi," binti alisema. "Haujapona, baba, usianze mbio. Ila ulikuwa hauachiwi kazi. Mama anaimaliza yote."

Mama akaangua kilio. "Mimi nilijua namsaidia."

Baba aligeuka kitini, nyaya zikimning'inia, akamshika goti. "Yaani umenibeba mwaka mzima, mke wangu, na majigambo yote yale ukanyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukifika juu," mama alisema.

Baiskeli ya peke yake haikuuzwa, wala haikupandwa bado. Kwanza mguu ule ufundishwe kazi.

Walipoondoka na ile ya viti viwili, binti alisimama mlangoni kuwatazama. Kwenye kilima kidogo cha kutokea getini baiskeli ikayumba, roho yake ikawa juu.

"Usikanyage!" baba alifoka.

"Sikanyagi!"

Ilikuwa kweli. Miguu ya mama ilikuwa hewani, huku na huku, kama ya mtoto aliyepakizwa, na chini yake pedali za nyuma zilizunguka tupu, polepole, zikiendeshwa na baba.