Kitambaa cha Jumanne

Huku visiwani kwetu, mto Paraná unapogawanyika, boti ya wagonjwa hupita Jumanne tu, na haisimami mpaka ione kitambaa cheupe gatini. Jumanne iliyopita nilikitundika. Mume wangu Evaristo akajikokota na kidonda chake cha mguu, akakitoa, akakikalia. Boti ikapita.

Ni kidonda cha kisukari. Kilianzia kwenye kidole gumba, sasa kimefika kwenye kifundo na kinanuka. Tangu siku ile nimebishana naye asubuhi na jioni, wala sikushindwa hata mara moja. Nimefundisha shule ya kisiwa miaka ishirini na saba. Hoja mbovu ikipita mbele yangu lazima niisahihishe.

"Hata ng'ombe akiumwa anakubali kutibiwa," nilimwambia.

"Basi kaolewe na ng'ombe, Mwalimu."

Huniita Mwalimu akikasirika. Zamani tukifika hapo alishuka ngazi, akaingia mtumbwini na kupotea mtoni mpaka nipoe. Sasa aliishia kugeukia ukuta.

Jumanne hii kulipokucha, wekundu ulikuwa umepanda hadi chini ya goti na mwili wake unawaka moto. Niliogopa. Nilikuwa na hoja mpya, kali, ya kummaliza kabisa. Nikaitazama midomo yake iliyokauka, nikaimeza hoja yangu.

Nikachemsha maji, nikatia kibuyuni majani ya mate, chai yetu chungu ya kufyonza kwa mrija. Nikanywa mkupuo wa kwanza mimi, ule mchungu zaidi, maana ndiyo kazi ya anayemimina, kisha nikampa. Tulikuwa hatujagusa mrija mmoja tangu ugomvi uanze.

"Leo sibishani, mzee wangu. Unaogopa nini?"

Alifyonza mpaka kibuyu kikakoroma. Nikajaza tena, nikangoja. Ulimi uliniwasha, lakini nikangoja.

"Watanikata mguu, Elvira."

Nilitaka kumwambia heri mguu kuliko roho. Nikamjazia kibuyu.

"Watanikata. Halafu wewe ukianza maneno yako, nitakimbilia wapi? Mtumbwini nitafikaje?"

Nilidhani ananitania. Nikaona machozi yanamtiririka hadi masikioni. Miaka yote hiyo nilimwona akipiga kasia kwenda zake, nikajua nimeshinda, nikarudi jikoni kupika kwa raha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Nisamehe," nilisema. "Na mimi naogopa. Usiniache peke yangu kwenye nyumba hii."

Honi ikalia kwenye kona ya mto. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nikakiweka mkononi mwake, nikakiachia. Alikikunja, akakikunjua. Honi ya pili ilikuwa karibu sana, nami nikajizuia nisimpokonye.

"Nishike," alisema.

Tulishuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, yeye akiguna kwa maumivu. Boti ilikuwa imeanza kulipita gati letu alipoinua mkono na kukipunga kitambaa. Ikarudi.

Nesi wa boti alifungua bandeji ya mguu, akaifunga upesi bila kututazama.

"Boti ilipita hapa wiki iliyopita, mama. Mlikuwa mnafanya nini?"

Evaristo alinibana kiganja, akafungua kinywa anitetee. Nikamtangulia.

"Tulikuwa tunabishana," nilisema. "Nilimshinda kila siku."