Vidole Nyuma ya Pipa

Katika darasa letu la jioni la kuhariri video hapa Winnipeg, nilikuwa nageuza video ya machweo iwe usiku wa taa za neoni, wenye vivuli vya buluu na mwanga wa waridi. Katika video hiyo nilikuwa nimemrekodi jana yake binti yangu Marisol kwenye uchochoro anaopita kila siku akitoka kazini.

Ili uso wake usigeuke buluu, niliiambia kompyuta ichague rangi ya ngozi tu. Kila kitu kikawa kijivu, isipokuwa uso wake na vidole vinne nyuma ya pipa la taka.

"Hicho ni kipande cha ubao tu, dada," alicheka Gordie, mwenzangu wa meza. "Juzi kompyuta ilidhani pizza yangu ni ngozi!"

Nilisogeza video mbele. Vidole vilijikunja. Gordie akasogea karibu na skrini.

Ilikuwa saa yake ya kutoka kazini. Nilimwomba Mungu amlinde Marisol, nikampigia simu.

"Ndiyo kwanza naingia uchochoroni, mama. Vipi?"

"Rudi barabarani, mwanangu. Kimbia!"

Nilisikia vishindo vya viatu vyake, kisha kengele ya mlango wa duka.

"Nimeingia dukani," alisema akihema. "Mama, kuna mtu amesimama nje ya kioo."

Gordie alikuwa tayari anawapigia polisi. Mimi niliendelea kuomba, na simu sikuikata.