Pembe Isiyo na Vinundu

Miaka sita Muhawenimana alikataa kuwa mjane, na miaka hiyohiyo mama mkwe wake, Epiphanie, alimwomba akubali. Valens, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, aliondoka Masisi kwenda kutafuta kazi Walikale, upande wa msitu wa Bisie. Tangu hapo hakuna simu, hakuna barua, hakuna hata salamu ya kuletewa na mpita njia.

Katika ukoo wao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, limefungwa pamoja na nguo iliyogusa mwili wake. Bila nguo hakuna maziko, na bila maziko mama haruhusiwi kulia. Nguo zote za Valens zilikuwa sandukuni mwa mkewe.

"Mutoto wangu, unipe hata shati moja tu," Epiphanie alimsihi kila Pasaka. "Nitakufa bila kumulilia."

"Valens iko muzima, Mama. Muntu muzima hatumuzikake."

Alijibu kwa ukali, na majirani wakamwita bibi ya upepo, yaani mke wa upepo. Wacha waseme. Siku za soko alishuka zake mjini Sake, akaketi na sindano yake ya kroshe, akafuma na kuuza vitambaa vya kupangusia uso. Aliingiza nyuzi tano katika tundu moja, akazibana pamoja, kinundu kikatokeza. Vinundu ndivyo vinavyosugua jasho na vumbi. Kitambaa kimoja tu maishani alikifuma tofauti, cha Valens. Chini ya jicho la kushoto Valens alikuwa na kovu lililouma likiguswa, hivyo pembe moja mkewe aliifuma laini, bila kinundu hata kimoja. Siku ya safari Valens aliondoka nacho shingoni.

Agosti iliyopita, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alisimama mbele ya meza yake. Alijitaja kuwa Mapendo, ametoka Walikale, anampeleka mtoto hospitali ya Kirotshe. Akatoa kitambaa kilichochakaa.

"Mama, unaweza kunifumia ingine kama hii? Bwana yangu hapangusake uso na kitu ingine. Na usisahau hii pembe laini. Iko na kovu hapa chini ya jicho."

Muhawenimana alikipokea. Mfumaji huujua mkono wake hata gizani. Kwanza alifurahi, ukweli usemwe: yu hai! Ukoo mzima ulikosea, yeye peke yake akapatia. Kisha mtoto akageuza kichwa, akamtazama kwa macho ya Valens.

"Nani alimufumia hii?" aliuliza.

"Bibi yake ya kwanza, wa Masisi. Marehemu." Mapendo alishusha sauti kwa heshima. "Valens anasemaka alikufa mu vita, na yeye mwenyewe njo alimuzika. Alimulilia sana, maskini."

Kumbe alishazikwa. Akaliliwa hata! Yeye aliyemnyima mama mzazi shati moja ili mwanamume yule asizikwe, mwanamume yule alikuwa amemfukia kwa maneno, apate kuoa bila maswali. Asante ya punda ni mateke, lakini punda walau humpiga teke mtu aliye karibu naye. Muhawenimana akakunja kitambaa.

"Uniachie hii, iwe mufano. Ukitoka Kirotshe utakuta iko tayari."

Alifuma siku tatu. Kila kinundu alikikaza mpaka kikawa kigumu kama punje ya hindi. Alipofika pembeni, vidole vyenyewe vilitaka kuacha nafasi ya kovu. Akavikatalia, akajaza vinundu hadi ukingoni.

Mapendo aliporudi alipewa vitambaa viwili vipya, bure, badala ya kile kikuukuu. Akashukuru, akavipapasa.

"Lakini Mama, umesahau ile pembe."

"Sikusahau. Ile ilikuwa kazi ya marehemu. Miye niko muzima, ningeiweza wapi?"

Mapendo alicheka, akidhani ni utani wa sokoni, akapanda pikipiki. Hakuwa na kosa lolote, na Muhawenimana alishindwa kumchukia. Hilo nalo lilimuuma.

Jumapili, baada ya misa, aliingia kwa Epiphanie mbele ya ukoo, akaweka kitambaa kikuukuu mezani.

"Mukate mugomba," alisema. "Valens alikufa. Nilipata habari yake Sake."

Nyumba ikalipuka kwa vilio. Wanaume wakachimba, wakaleta shina, na kwa desturi mama mzazi ndiye afungaye nguo kwa mikono yake. Epiphanie akapapasa pembe laini, akaitambua, maana alikuwepo ilipofumwa. Kisha akakipeleka kitambaa puani. Kilinuka sabuni ya juzi na mafuta ya mtoto mchanga.

Akamwinamia mkwe wake sikioni, wengine wakiendelea kulia.

"Iko muzima?"

"Iko muzima, Mama. Iko na bibi ingine, na mutoto. Kule alisema miye nilikufa, na yeye njo alinizika."

Muhawenimana alingoja mama mkwe apige kelele, asimamishe kila kitu. Ni mwanawe, wa tumbo lake, na yu hai. Angekuwa na haki. Epiphanie alikishika kitambaa muda mrefu kifuani.

Halafu akakifunga kwenye shina, akakaza fundo.

"Mutoto niliyezaa njo huyu tunazika," alinong'ona. "Ule wa kule simujue."

Akachota udongo, akawa wa kwanza kuutupa shimoni. Ndipo akaketi chini na kulia kilio chake cha miaka sita, na Muhawenimana akaketi kando yake, akamshika mkono.