Harambee ya Simiti

Bedan Njogu aliuza simiti sokoni Gikomba, na kwa mtu wa simiti kila ukuta wa udongo ni tusi. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya udongo, naye ndiye mwenyekiti wa wazazi wa wanafunzi wangu. Mungu naye ana mizaha.

Shule tuliianzisha Njiru, nje ya mji, mwaka wa sabini na tisa, mimi na wenzangu wawili tuliochoshwa na madarasa ya mjini. Hatukuwa na stima wala mfereji. Maji ya mvua yalitoka paani yakaingia tangini, na yale ya kunawia yakaenda kwenye migomba. Maboga yalitambaa chini ya mahindi, kunde zikapanda juu ya mahindi hayo hayo, na nyasi kavu zikafunika ardhi isichomwe na jua. Watoto walijifunza hesabu kwa kupima matuta yao wenyewe. Madarasa manne tuliyajenga kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, tukayapaka udongo na kinyesi cha ng'ombe.

Wazazi walitoka mitaa ya mjini, Makadara, Bahati na Jericho. Watoto wao walikuwa wameanguka mtihani na hakuna shule nyingine iliyowataka, na jambo hilo liliwafanya watuchukie zaidi.

"Mwalimu Nthambi," Njogu aliniambia mkutanoni, "mimi nimezaliwa kwa nyumba ya matope. Nikatoroka. Sasa unataka mtoto wangu Wacuka arudi ushago, kwa matope yale yale, tena na vitabu kwapani?"

"Ukuta wa udongo lazima upumue, mzee. Ukiufunika na simiti, maji yakiingia hayana pa kutokea. Utaoza ndani kwa ndani."

"Ati ukuta unapumua! Pua yake iko wapi?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha tukaambiwa mkaguzi yuaja, na yeye ndiye atakayeamua kama shule itaandikishwa au itafungwa. Jumamosi moja karibu na masika nilikwenda Kangundo kumzika shangazi yangu. Nikarudi nikakuta wamefanya harambee. Kila mzazi alileta simiti, na mafundi wa Njogu wakalipiga plasta darasa la kwanza, nje na ndani, kutoka msingi hadi paani. Kina mama walikuwa bado wanaimba kando ya sufuria za pilau. Njogu akaninyooshea mkono kama bwana harusi. Nikaukataa mbele ya watu wote, na sijutii.

"Tuibandue plasta hii kabla ya mvua," nikasema.

"Gusa hiyo ukuta uone."

Mkaguzi alikuja mvua ikinyesha. Aliugonga ukuta wa plasta kwa kalamu, akatabasamu. "Hii sasa ni nyumba," akasema. Yale madarasa mengine matatu akayatia alama ya rangi nyekundu. Yavunjwe. Shule ingeandikishwa kwa darasa moja tu, lile la Njogu.

Masika hayo hayakuwa na huruma. Baada ya majuma machache ukuta ule ulikuwa umevimba chini, una ufa wa kuingia kidole. Nikapiga marufuku mtoto yeyote kuingia. Jumatatu Njogu akaja na wazazi nyuma yake, akawaswaga watoto ndani mwenyewe.

"Ingieni! Hii ndiyo darasa imekubaliwa na serikali!"

Wacuka, mtoto wa mwenyekiti, akakalishwa mbele kabisa, chini ya ufa.

Nikawatoa wote kwa makelele, wengine kwa kuwavuta mikono. Nikaenda shambani nikachukua sururu, nikapiga pigo moja. Plasta ikaanguka bamba zima, na nyuma yake hapakuwa na tofali tena, ni uji mtupu. Ukuta ukainama polepole, ukalala juu ya madawati ya mbele.

Nikamtazama Njogu. Alikuwa amemkumbatia Wacuka, akiyatazama yale madawati ya mbele. Nikadhani sasa ameelewa. Nikamhurumia hata. Ndipo akawageukia wazazi.

"Si niliwaambia? Udongo ni udongo! Huyu mama angetuulia watoto!"

Wakamwamini. Hata Kavata, tuliyeabudu naye kanisa moja, alimshika mwanawe mkono akapita mbele yangu bila kuniaga. Kufikia adhuhuri shule ilikuwa tupu. Nilimchukia Njogu kwa moyo wangu wote, nami ni Mkristo.

Wiki iliyofuata vibarua wakaja kuyavunja yale madarasa matatu ya udongo yaliyotiwa alama. Walidhani ni kazi ya saa moja. Jua lilipozama walikuwa bado kwenye darasa la pili, mipini ya nyundo imevunjika na viganja vimetoka malengelenge. Kiongozi wao, Otiende, akaja kuniomba maji ya kunywa.

"Mama, hizi kuta ni ngumu sana. Mlitia simiti ngapi?"

"Hatukutia."

Akacheka, akadhani nimemjibu hivyo kwa hasira tu. Kisha akarudi kuvunja.