Haya ya Mezani

Subira ninayo. Mtu hawezi kukaa kwenye meza ya poka miaka thelathini na moja, akala, akasomesha, akajenga, kama hana subira. Lakini Ijumaa ile subira yangu iliisha kabla ya saa nane mchana, na aliyeimaliza ni Miwani.

Miwani ni mchezaji mwenzangu, mtu wa miaka thelathini hivi, anayevaa miwani myeusi ndani ya ukumbi usio na dirisha hata moja. Juu yake anavuta kofia ya sweta, masikioni ameziba, utadhani anakwenda kuchomelea vyuma. Hayo yote ningemsamehe. Nisichoweza kumsamehe ni kufikiri kwake. Mpe karata mbili mbovu kabisa, ambazo marehemu bibi yangu angezitupa huku anamenya vitunguu, yeye atazitazama, atakutazama wewe, atatazama dari, atapanga upya chipu zake, vile visahani vya plastiki tunavyochezea, kisha baada ya dakika nne atazitupa. Dakika nne! Nimeona watu wakioa kwa kufikiri kidogo kuliko hapo.

Na siku hiyo dakika zilikuwa na kazi. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa anaolewa saa tisa na nusu kwenye ofisi ya msajili wa ndoa, mitaa minne kutoka pale ukumbini. Hakutaka sherehe wala shamrashamra. Alitaka yeye, mchumba wake ambaye ni fundi wa lifti na sote tunamwita Fundi, na mashahidi wawili wa kutia saini. Wa kwanza ni mama yake mdogo. Wa pili ni mimi. Mama yake mzazi alishafariki, kwa hiyo mzazi aliyebaki ndiye huyu. Aliniomba miezi miwili kabla, jikoni, wakati nachanganya karata ili vidole visilale.

"Baba, utakuja kunisainia?"

"Haya," nikamjibu.

Mtauliza nilifikaje mezani siku ya ndoa ya mwanangu. Mashindano yale ni makubwa kuliko yote ya kwetu, huchezwa siku tatu, mara moja tu kwa mwaka. Nimeyacheza mara kumi na tisa. Mara mbili nimekuwa wa tatu, na mara moja wa pili, nikashindwa na mtu aliyeingia tu kumsubiri mkewe aliyekuwa saluni. Wananiita Jiwe kwa sababu uso wangu hausemi kitu. Wananiheshimu, wananiamkia, wageni wa mchezo wanakuja kuniuliza maswali, lakini kwenye ubao wa washindi uliotundikwa mlangoni simo. Nikapiga hesabu yangu: meza ya mwisho inaanza saa nne asubuhi, kwa kawaida inaisha saa saba, ikizidi sana saa nane. Nitashinda, nitanawa uso, nitatembea mitaa minne. Hesabu ilikuwa safi, ila Miwani hakuwemo.

Saa nane na nusu tulikuwa tumebaki watatu: mimi, Miwani, na Daktari wa Meno, ambaye ni daktari wa meno kweli na anacheza kama anavyong'oa, taratibu na kwa tabasamu. Ng'ombe mzima nimeshamla, umebaki mkia. Suti nilikuwa nimeivaa tangu asubuhi. Kwenye mfuko wa ndani wa koti kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, maana makaratasi ya nyumbani nayatunza mimi, na msajili alitaka kukiona chenyewe siku hiyo hiyo.

Ndipo Miwani akasukuma chipu zake zote katikati.

Mkononi nilikuwa na malkia wawili. Mezani, kati ya karata zilizofunuliwa kwa wote, alikuwepo mfalme. Kama Miwani anaye mfalme mwingine, nikimfuata, yaani nikiweka chipu sawa na zake, nimekwisha. Kama anadanganya, namtoa, na mashindano ni kama yangu. Nilimtazama koo. Lilikuwa limetulia kama la mtu aliyelala baada ya kushiba. Anaye, nikasema moyoni, na nikaamua kuzitupa karata. Lakini sikuzitupa hapo hapo. Nilitaka na yeye asubiri kidogo, aonje alichotulisha tangu asubuhi. Utoto, najua. Mzee wa miaka sitini na moja analipiza kisasi kwa kukaa kimya.

Nikiwa katika kisasi changu, nikasikia sauti nyuma yangu, kwenye kamba ya watazamaji.

"Baba. Saa nane na nusu imepita."

Nikapunga mkono bila kugeuka, kama mtu anayefukuza nzi. "Haya, haya," nikasema.

Mgawaji wa karata, mwanamke makini ambaye sijawahi kumwona akikosea, akagonga meza kwa kiganja. "Amefuata," akatangaza.

"Nani amefuata?"

"Wewe, mzee. Umesema haya."

Hapa lazima nieleze. Mezani, zamu yako ikifika, neno likishatoka limetoka. Huna haja ya kugusa chipu, ulimi unatosha. Na wachezaji wa kwetu wengi hawasemi "nafuata." Wanasema "haya." Mimi mwenyewe nimefuata kwa neno hilo maelfu ya mara, na nimewashikilia wengine kwa neno hilo hilo bila huruma. Ulimi huponza kichwa, wahenga walisema, na wangu ulikuwa umeponza kazi ya siku tatu.

"Nilikuwa naongea na mwanangu!" nikapaza sauti. Jiwe lilipaza sauti.

Msimamizi wa mashindano akaitwa. Alikuja na kitabu chake cha kanuni, tai imekaza shingo, na kesi ikaanza.

"Haya ni haya," Daktari wa Meno akasema kwa tabasamu lake. Bila shaka! Nikifuata, mmoja wetu atatoka, na yeye anapanda ngazi bila kusogeza kiti.

Miwani akazibua sikio moja. "Haya ni kukubali. Mtu akikuambia twende tukale, ukisema haya, si unakwenda?"

"Inategemea," mgawaji akajibu. "Mume wangu nikimwambia atengeneze bomba anasema haya. Bomba linavuja mwaka wa pili huu."

Watazamaji wakacheka. Mmoja wao akadakia, "Labda mzee alikuwa anamwambia Miwani hana haya!" Wakacheka zaidi. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, mimi natokwa na jasho ndani ya suti ya harusi, na watu wazima wanachambua neno moja kama wanachambua mchele.

"Mzee Jiwe," msimamizi akasema, "kila anayejuta atasema alikuwa anaongea na mtu mwingine. Nitamuuliza mwenyewe." Akageukia kamba. "Dada, baba yako aliposema haya, alikuwa anakujibu wewe?"

Hapo ndipo nilipogeuka kwa mara ya kwanza. Binti yangu alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa, nywele zimesukwa vizuri sana, miguuni raba. Viatu vyenyewe vilikuwa kwenye mfuko mkononi. Alikuwa amependeza mpaka nikasahau malkia wangu.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa ananijibu mimi."

"Una hakika? Maana haya ni kukubali."

"Si kwa Baba," akasema. "Baba akisema haya, maana yake ni hapana. Tangu nikiwa mdogo. Akikataa, kuna matumaini, mnaweza kubishana. Lakini akisema haya, basi, hapo hakuna kitu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi mwenyewe alijificha nyuma ya kitabu chake. Mimi nilikuwa namtazama binti yangu. Kazi yangu ni kusoma nyuso, na ule ulikuwa uso rahisi kuliko zote nilizosoma siku tatu zile. Hakuwa anatania, hakuwa na hasira, hakuwa anaficha chochote. Alikuwa ameulizwa swali, akalijibu.

"Basi hajafuata," msimamizi akaamua. "Mzee, zamu bado ni yako. Unafuata au unaacha?"

Nilikuwa nimeokoka. Ningeweza kuzitupa karata zile na kuendelea kucheza, chipu zangu zote mbele yangu. Badala ya kufurahi niliona aibu, aibu kamili, ikipanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

"Nipe dakika mbili, mama," nikamwambia binti yangu. "Nimalize hizi, halafu twende."

"Sikuja kukuchukua, Baba. Nimekuja kuchukua cheti." Akanyoosha mkono juu ya kamba.

Nikakitoa mfukoni, nikampa. "Na saini?"

"Shahidi nimeshapata. Baba yake Fundi atasaini."

"Umempata lini?"

"Siku ile ile uliponiambia haya. Nilimpigia simu jioni yake."

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya, ningepata pa kushika. Alikitia cheti kwenye mfuko wa viatu, akasema, "Ushinde, Baba," na alimaanisha. Kisha akaondoka.

Miezi miwili! Miezi miwili nilikuwa najibeba kama shahidi wa ndoa, nimeshona suti, nimewatambia watu saluni na dukani, na mwenye ndoa alikuwa ameshanifuta kabla sijamaliza kuchanganya karata. Nilimkasirikia yeye kwa kutoniambia. Nikamkasirikia baba yake Fundi, ambaye hajanikosea kitu. Nilipomaliza wote nikabaki mwenyewe, na huyo ndiye aliyenichosha kuliko hata Miwani.

"Mzee," Miwani akasema, "muda."

Miwani! Yeye! Ananiambia mimi muda!

Nilisimama. Kanuni iko wazi: anayeondoka zamu yake ikiwa mezani, karata zake zimekufa, na kila mgao unaofuata chipu zake zinakatwa kidogo kidogo mpaka ziishe. Mgawaji akanishika kwa macho. "Mzee Jiwe, umefikiri?" akauliza. Nikamwambia nimefikiri mno, na nikaruka kamba, kwa sababu kuizunguka ningechelewa. Nyuma yangu Miwani alikuwa anauliza nilikuwa na karata gani.

Nilimkuta barabarani, yeye na Fundi, wanaingia kwenye teksi. Binti yangu aliniona, akaganda na mkono kwenye mlango.

"Wamekutoa?"

"Nimetoka mwenyewe."

Alisogea, nikaingia. Hakunitazama hata mara moja mpaka tunafika.

Ofisi ya msajili ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja, feni moja, na viti vinne mbele: viwili vya maharusi, viwili vya mashahidi. Mama mdogo alikuwa ameshakaa. Baba yake Fundi, mstaarabu yule, aliponiona akainuka kunipisha. Msajili akamkalisha. Majina yameandikwa kwa wino, akasema, sheria inataka wawili na wawili wapo. Nilitaka kubishana, mdomo ulishafunguka, halafu nikaufunga.

"Na huyu mzee ni nani?" msajili akauliza.

"Ni baba yangu," binti yangu akasema. Akamsogezea cheti. "Amekuja."

Kulikuwa na benchi nyuma, karibu na mlango, la watu wanaosubiri zamu. Nikakaa hapo, kati ya mtu mwenye bahasha na mama aliyekuwa anasinzia. Kutoka pale sikuona kalamu wala kitabu, niliona migongo tu. Na kila msajili alipoinama kuandika, binti yangu aligeuka nyuma kuangalia kama bado nipo.