Mkono wa Kulia wa Ermete

Asubuhi ile ya Jumapili mume wangu, Ermete, alikuwa akikata polenta, ule ugali wetu mgumu wa mahindi, kwa uzi, na uzi ukamponyoka mkono wa kulia. Akacheka, akaing'ata ncha ile kwa meno na kuendelea kukata. Mimi sikucheka.

"Ni bega?" nikamuuliza.

"Zelinda, leo kuna onyesho."

Maana yake nifunge mdomo. Kwetu sisi watu wa sarakasi, siku ya onyesho humuulizi mtu habari za mwili wake, ni mkosi. Lakini moyo haukutulia. Nikafagia gari letu tunamolala, nikalifagia tena, nikaenda kukagua kamba, nikarudi, nikatoka. Upepo wa bahari wa pale Comacchio ulikuwa ukilipigapiga hema tangu alfajiri, na wavu wetu wa kumpokea anayeanguka tulikwisha kuutupa kule Ravenna, umeoza. Mchana binti yetu Norina angeachia bembea yake, ajipindue hewani, na baba yake, akining'inia kichwa chini kwenye bembea ya pili, amdake kwa mikono miwili. Mmoja ndio huo ulioshindwa na uzi.

Nikamwendea mwenye sarakasi, Bwana Galliano, bila kumtaja mtu. "Leo tuwaonyeshe farasi tu. Huoni upepo huu?"

"Hao farasi kazi yao kula," akasema. "Nenda kapige ngoma yako, mama, usinitie kichefuchefu."

Ngoma ndiyo kazi yangu. Naivumisha, Norina anasubiri. Nikipiga pigo moja kubwa, anaruka. Bila pigo hilo haruki.

Hema lilijaa wakulima na watoto wao. Norina akapanda. Ermete akajining'iniza, akanyoosha mikono, na ule wa kulia ukabaki umekunjika kiwikoni. Watu hawakuona. Mimi niliona. Nikavumisha ngoma, nikavumisha, nikavumisha. Watu wakaanza kupiga miluzi.

"Mama, piga!" Norina akaita kutoka juu.

"Piga, we mwanamke!" Ermete akanguruma, uso umemwiva.

Nikaweka vijiti kwenye kiti, nikavikalia.

Norina akashuka kwa kamba. Ermete alibaki kule juu, mikono ikimngoja mtu asiyekuja. "Babu, kakukimbia huyo!" mkulima mmoja akapaza sauti, na hema zima likaangua kicheko. Nampenda mwanamume yule kuliko pumzi yangu, na mimi ndiye niliyemfanya achekwe.

Nyuma ya pazia Norina alinishika mabega kwa hasira. "Umefanya nini, mama?"

"Bega la baba yako limekwisha."

"Mbona najua! Kila alfajiri tunafanya mazoezi, ananidaka kwa kushoto peke yake. Hajaniangusha hata mara moja! Tulikuficha wewe tu, usije ukakosa usingizi."

Ermete akaingia. Nilingoja matusi, hayakuja.

"Tafuta mdakaji mwingine, mwanangu," akamwambia Norina.

Kisha akaninyooshea mkono wa kushoto nimfungue bandeji ya onyesho iliyozungushwa kiganjani, maana wa kulia haukuweza tena kumfungulia. Nilifungua huku nalia. Na hata sasa, nikiambiwa nirudi kwenye kile kiti, vijiti vile nitavikalia.